Vali Yangu na Safari Yako

Nachingwea, nyumbani, baada ya Adhuhuri

Mwanangu Somoe,

Umeondoka asubuhi kwenda Nandagala kumuaga bibi yako mzaa baba, na najua hutarudi mapema, kwa sababu bibi yako hamwachi mtu aondoke kabla hajala mara mbili. Nimeona niitumie nafasi hii kukuandikia. Utaniuliza kwa nini namwandikia barua mtu ninayeishi naye nyumba moja. Ni kwamba ukiwa mbele yangu siku hizi husikilizi maneno yangu, unasikiliza pumzi zangu. Nikisema, "Mwanangu, kaa nikwambie," wewe unatazama kifua kinavyopanda na kushuka, na kabla sijamaliza unauliza, "Mama, umechoka?" Sijachoka. Nilikuwa natafuta neno. Karatasi haipumui, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, kufunga mlango na kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia tangu shule ya msingi, na yaliyokuingia yameshaingia. Nataka tuzungumze lile ulilolisema juzi tukiwa tunakula.

"Mama, nimeshafikiri," ulisema. "Naomba chuo nikiahirishe mwaka mmoja. Nibaki nikuangalie."

Mjomba wako Nassoro, kaka yangu mkubwa, aliacha tonge hewani. "Sasa hapo umeongea. Mtoto ana akili huyu. Na korosho zenyewe ndiyo hizo zimeanza kuanguka."

"Korosho zimeingiaje hapa?" nikamuuliza.

"Wewe Mwalimu, mimi mjomba nimeshasema."

Unajua kwetu neno la mjomba lina uzito gani. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo wa mama ni yeye. Nilinyamaza, si kwa sababu nilikubali, bali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa mbaazi. Tangu hapo wewe umetembea humu ndani kama mtu aliyeshinda kesi, na begi lako limebaki limefunguliwa kitandani, nusu lina nguo, nusu halina.

Kwanza nikueleze kilichomo kifuani mwangu. Naona unakiogopa kama mtu anayesikia kelele juu ya bati asijue ni paka au ni mwizi.

Unaikumbuka Idd ya kuchinja ulipokuwa darasa la nne? Kwetu sisi moyo wa mbuzi wa Idd ni wa mjomba. Mguu unaweza kwenda kwa jirani, mbavu kwa wageni, utumbo kwa anayejua kuupika, lakini moyo unawekwa pembeni na kufunikwa mpaka mwenyewe aje. Mwaka ule ulikuwa umeniuliza tangu asubuhi moyo unapigaje, na mimi mwalimu wa baiolojia sikuweza kuona moyo mbichi umekaa kwenye bakuli nikaupita hivihivi. Niliuweka kwenye sinia, nikachukua wembe mpya, nikaupasua.

Nilikuonyesha ukuta unaougawa moyo. Nikakwambia ni kama nyumba moja yenye familia mbili, moja kulia na nyingine kushoto, ukuta katikati, hakuna mlango wa kupitiana. Kila upande una chumba cha juu kinachopokea damu na chumba cha chini kinachoisukuma. Ukauliza kwa nini pande mbili. Kwa sababu damu ina safari mbili, nikasema. Tukiwa hapo hapo mjomba wako akatokea mlangoni, amevaa kanzu, ana njaa.

"Mwalimu, moyo wangu uko wapi?"

"Huu hapa kwenye sinia."

"Nani kaupasua?"

"Mimi. Nafundisha."

"Umemfundishia mtoto moyo wangu?"

Wewe ukarukia kwa furaha, "Mjomba, una vyumba vinne!"

Akauinamia, akautazama kwa muda. "Mimi na mke wangu na watoto wote tuna viwili," akasema, "mbuzi peke yake alikuwa na vinne! Basi ndiyo maana alikuwa na kiburi." Akavuta kigoda akakaa, akasikiliza somo lote mpaka mwisho, kisha akaupika mwenyewe vipandevipande akila na kulalamika.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda somo lenyewe umelisahau. Nalirudia.

Damu iliyokwisha kuzunguka mwili inarudi moyoni ikiwa nyekundu ya kiza, hewa yake safi imeitumia njiani. Inaingia chumba cha juu cha kulia kwa mishipa miwili minene, mmoja unatoka upande wa kichwa na mikono, mwingine unatoka upande wa tumbo na miguu. Inashuka chumba cha chini, nacho kinaisukuma mpaka kwenye mapafu. Huko inaacha hewa chafu, ile tunayoitoa tukipumua, inachukua hewa safi na kung'aa. Lakini haiendi mwilini moja kwa moja. Inarudi kwanza moyoni, safari hii upande wa kushoto, chumba cha juu kisha cha chini, na hicho cha chini cha kushoto ndicho kinachoirusha kwenye mshipa mkubwa kuliko yote, mpaka ncha za vidole vya miguu.

Ulikipapasa kile chumba ukasema, "Mama, huku nyama ni nene." Ulikuwa umegundua jambo ambalo wanafunzi wangu wa sekondari nilikuwa nawabembeleza walione. Chumba cha kulia kinapeleka damu mapafuni, jirani tu, kama mtu anayebeba ndoo kutoka kisimani hadi nyumba ya pili. Cha kushoto kinabeba ndoo hiyohiyo kutoka hapa mjini mpaka shambani kwetu Nambambo. Lazima kijenge misuli.

Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna vali. Ni vipande vyembamba kama ngozi ya ngoma ndogo, vimeshikwa kwa nyuzi nyeupe ili visipinduke. Kulia vipande ni vitatu, kushoto ni viwili. Kazi yake ni kuiruhusu damu iende mbele na kuizuia isirudi ilikotoka, basi. Wewe unayekwenda Dar kusomea ufundi wa maji utaziona vali za chuma kwenye mabomba mpaka uzichoke. Siku ile ulimimina maji kwa kikombe, yakashuka chini bila tabu. Ulipokibonyeza chumba cha chini maji yakataka kupanda, na vile vipande viwili vikainuka vikakutana, vikafunga. Ulipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Na ule mdundo unaousikia kifuani kwa mtu, dup-dup, si nyama inayogonga. Ni milango inayofungwa. Wa kwanza ni ile ya kati ya vyumba, wa pili ni ile ya kutokea nje ya moyo.

Mlango wangu mbovu ni ule wa kushoto, wenye vipande viwili. Umekuwa mgumu, haufunguki wote.

Uliharibiwa na ugonjwa wa koo nilioupata nikiwa msichana. Koo liliuma, baada ya siku kadhaa magoti yakavimba, homa ikapanda, nikalala ndani, nikapona, nikasahau. Mwili ulipokuwa unapigana na ugonjwa ule ulizijeruhi na vali zake wenyewe, na jeraha la namna hiyo hukakamaa polepole kwa miaka na miaka. Kwa hiyo si jambo ulilolirithi kwangu. Ulichorithi kwangu ni ubishi. Lakini ukiona mtoto yeyote huko uendako analalamika koo kali na homa, mpeleke akatibiwe, usimpe chumvi ya kusukutulia ukaishia hapo.

Sasa nikwambie nilivyokuwa mjinga, na ucheke, maana mimi mwenyewe nimeshacheka.

Tangu marehemu baba yako atutoke, mikorosho ya Nambambo naisimamia mimi. Msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, unaujua. Mashine inanguruma mgongoni, vumbi la njano linapanda mpaka kileleni, macho yanawasha, kifua kinabana. Kila mtu anabanwa. Kwa hiyo nilipoanza kubanwa nilisema ni salfa. Niliposimama katikati ya njia ya shambani kuvuta pumzi, nikijifanya natazama maua ya mikorosho, nikasema salfa. Nilipoanza kupandanisha mito kitandani kwa sababu nikilala chali nakosa hewa, salfa. Na tiba ya salfa huku kwetu kila mtoto anaijua, ni maziwa. Nilikunywa maziwa, Somoe, mpaka muuza maziwa akaniuliza kama nimefungua mgahawa.

Msimu wa salfa ukaisha. Mvua zikanyesha, majani yakaoshwa yakang'aa, watu wakapanda mahindi, wakapanda ufuta, mimi bado nasema salfa. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa mwaka hadi mwaka akieleza kwamba vali ya kushoto ikibana damu husongamana mapafuni, alikuwa amekaa barazani, mapafu yamesongamana, glasi ya maziwa mkononi.

Ni wewe uliyeniuliza, ukiwa unafagia stoo, "Mama, hii mashine ya salfa mara ya mwisho ilitoka humu lini?"

Nilitaka kukugombeza. Halafu nikaweka glasi chini.

Nimelifikiria sana kosa lile, na naona lilikuwa hivi: nililipa tatizo langu jina la tatizo la kila mtu, kwa sababu jina la kila mtu halitishi. Huko Dar wote watakuwa wamechoka, wote watakuwa wanakumbuka kwao, wote watalalamika joto. Siku ukibanwa na jambo, kabla hujasema "ni la kawaida, hata wenzangu wako hivyo," jiulize mashine ilitoka stoo lini.

Hospitali ulikuwa umekaa kwenye benchi nje, kwa hiyo hukuyaona ya ndani. Daktari, kijana tu, alinipaka ute wa baridi kifuani akapitisha kile kifaa cha kuona moyo kwa mawimbi ya sauti. Akanigeuzia kioo. "Mama, unaona hapa?"

"Naona, mwanangu. Haifunguki vizuri. Na chumba cha juu kimetanuka."

Akaniangalia. "Mama umejuaje?"

"Nimeifundisha kabla hujazaliwa."

Tukacheka wote wawili, na nikwambie kweli, nilifurahi kuuona. Maisha yangu yote nimechora moyo kwa chaki, mwekundu na wa buluu, na huu hapa wangu unapiga mbele ya macho yangu, mlango umekakamaa na bado unajitahidi kama kawaida. Niliuonea huruma kama mtu anavyomwonea huruma punda wake.

Daktari alisema imebana, lakini haijabana vibaya. Vidonge vingine vinaondoa maji ya ziada mwilini ili mapafu yapumzike. Vingine vinaupunguzia moyo mbio, ili damu ipate muda wa kupita kwenye mlango mwembamba bila kusukumana. Nitakwenda kupimwa kila nitakapoitwa. Ikizidi kubana ipo njia ya kuitanua, na ipo njia ya kuibadilisha. Sijakuficha kitu hapo. Hayo ndiyo yote ninayoyajua, na daktari naye hajui zaidi.

Haya, sasa nimefika nilipokuwa nakuja. Ubaya wa mlango uliobana si kwamba damu inapungua mbele tu. Ile isiyopita haipotei. Inabaki nyuma, inajazana chumba cha juu, inarudi kwenye mapafu, mpaka maji yanaanza kuvujia humo. Kinachonibana mimi kifua ni damu nzuri kabisa, haina ugonjwa wowote, ila ilitakiwa iwe imekwenda zake. Ukibaki hapa mwaka mzima unanitazama ninavyopumua, mwanangu, utanibana hivyohivyo. Nitakuwa nakohoa kwa siri. Nitakuwa napanda ngazi ya msikitini huku natabasamu ili usinione nimechoka. Mgonjwa anayemlinda muuguzi wake hapumziki.

Na usidhani nakufukuza. Wanafunzi wangu wa mwanzo niliwafundisha kwamba ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu. Siku moja msichana wa kidato cha pili akasimama: "Mwalimu, huu mshipa unaotoka mapafuni umebeba damu safi. Mbona kitabu kinauita vena?" Nikasema nitawajibu kesho, nikaenda kusoma upya. Jina halitokani na kilichobebwa. Mshipa unaoondoka moyoni ni ateri, unaorudi ni vena, haijalishi umebeba nini. Basi na wewe ukirudi na cheti ni kurudi, na ukirudi na nguo chafu tu begi zima, kama ninavyotazamia, ni kurudi vilevile. Sitakukagua mlangoni.

Kuna jambo jingine la moyo nililolifundisha mara nyingi bila kulisikia. Damu yote ya mwili inapita ndani yake, lakini moyo haushibi kwa kuitazama ikipita. Una mishipa yake midogo, na inachipuka pale pale mwanzoni mwa mshipa mkubwa, kabla damu haijafika kichwani, kabla haijafika kwenye figo. Tena unakula zaidi wakati umelegea, katikati ya pigo na pigo. Mimi nilikuwa nakula muhogo nimesimama mlangoni, mkono wa pili unasahihisha madaftari. Kuna watoto walirudishiwa daftari lina alama nzuri na doa la mafuta. Niliona fahari. Niliona anayekaa chini kula ana muda wa kuchezea. Sasa daktari amenilazimisha kukaa, na nimegundua kwamba muhogo una ladha. Huko chuoni kaa chini ule. Sikuongezei neno hapo.

Unahofu nitabaki peke yangu. Rehema, binti wa mjomba wako, atahamia chumbani kwako. Anakoroma kiasi kwamba mwizi akija atadhani mashine ya kukoboa inafanya kazi. Na nakuahidi jambo moja, nalo nalisema nikiwa na akili zangu: sitakuficha. Nikiongeza mto nitakupigia simu. Miguu ikivimba nitakupigia simu. Siku daktari akisema twende Dar, wa kwanza kujua ni wewe, na utakuwa umeshaujua mji, utanipokea na kuniambia tupande gari gani. Lakini na wewe usiniulize kila siku "mama umechoka?" Niulize nimekula nini, nani kagombana na nani sokoni, ufuta unauzwaje. Nina mengi ya kusema kuliko pumzi.

Kuhusu mjomba. Leo ulipoondoka alikuja, akakaa akichora chini kwa kijiti. Halafu akaanza.

"Hivi Mwalimu, hiyo vali yako. Somoe akibaki, itafunguka?"

"Haitafunguka."

"Akiondoka itazidi kufunga?"

"Haijui kama yupo wala kama hayupo."

"Vidonge unavimeza mwenyewe?"

"Sasa nitamezewa na nani, kaka?"

Akachora tena. "Sasa huyu mtoto anabaki kufanya nini?"

"Mimi unaniuliza? Muulize aliyesema ana akili."

"Akili anayo," akasema. "Ila amejibu swali ambalo halikuulizwa." Akaondoka bila kuaga, na unajua mjomba wako akiondoka bila kuaga maana yake ameshindwa hoja na anakwenda kuizoea.

Kwa hiyo neno la mjomba halikuzuii tena, na mimi sikuamrishi. Limebaki lako. Basi linapita Ruangwa, linakunja Nanganga kushika njia ya Lindi, na kesho hiyohiyo jioni unaweza kuwa Dar. Au unaweza kulitoa begi kitandani ukalala. Nitakupenda asubuhi kwa vyovyote, lakini nitapumua vizuri kwa namna moja.

Nilikuwa nakunja karatasi, mjomba wako amepita dirishani, amevaa kanzu ya Ijumaa na kofia mpya, na leo si Ijumaa.

"Kaka, unakwenda wapi umependeza hivyo?"

"Stendi. Nakwenda kukata tiketi ya Somoe."

"Na akirudi jioni akasema haendi?"

Akasimama, akafikiri kweli kweli. "Basi nitapanda mimi. Nikasomee maji."

Mwanangu, kaka yangu ana umri wa kustaafu na hajui kuogelea. Tuonee huruma.

Mama yako anayekupenda,
Mwalimu